Kaunti ya 49

Jumapili, nimetoka gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, kumwona mjomba aliyefungwa huko.

Mjomba anataka kujiandikisha kupiga kura 2027, ila kitambulisho hana. Sheria haimkatazi. Ibara ya 83 ya Katiba inamzuia asiye na akili timamu, na aliyehukumiwa kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. La mjomba ni la mali. Kitambulisho kilibaki kituo cha polisi siku aliyokamatwa, na kila nikiulizia naambiwa nije kesho.

Haki yenyewe haikuja bure. Mwaka 2010 wakili Priscilla Nyokabi alikwenda kortini, na wafungwa wakapiga kura ya maoni ya Katiba Agosti ile ile. 2013 wakaachwa nje. 2017 wakajiandikisha 5,528, na 2022 wakafika 7,483. Jela zetu zina watu zaidi ya 50,000! Toa wageni, toa watoto, bado pengo ni kubwa, na mimi naamini vitambulisho vimechangia pakubwa.

Tena wanamchagua rais tu. Katika matokeo ya tume ya uchaguzi, magereza ni kaunti ya 49, baada ya zile 47 na Wakenya wa ng'ambo. Haina gavana, haina seneta, haina hata mwakilishi wa wadi. Nilipomweleza mjomba alicheka mpaka askari akageuka.

"Gavana wa nini humu, mwanangu? Mwenye kutoa msamaha ni rais."

Kwake yeye, sawa. Lakini mahabusu je? Kuna kijana wa Kisauni, hapa Mombasa, wanalala wadi moja naye gerezani, kesi haijasikizwa, dhamana imemshinda. Mkewe yuko kule kule, mtoto anasoma chekechea ya kaunti. Huyo gavana anamhusu kuliko anavyonihusu mimi. Na akijiandikisha ndani kisha akaachiliwa Julai, jina lake liko kwenye sajili ya gereza. Agosti apige kura wapi? Abishe hodi langoni?

Basi kesho naanza safari ya kitambulisho kipya. Kwanza inatakiwa hati ya kupotelewa, na hati hiyo hutolewa na polisi. Sijui wakiniuliza kilipotelea wapi niwajibu nini.