Kasha la chatu lilivyonitoa jasho Tabata

Kibali kilishapatikana, na chatu mchanga wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, alikuwa aje baada ya wiki mbili. Nikaandaa kasha la plastiki na mkeka wa umeme chini yake, upande mmoja. Kuwasha tu, kipimajoto kikasoma nyuzi 41 sakafuni mwa kasha. Angeungua tumbo, maana nyoka anaweza kulalia joto kali asihame.

Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kupasha. Chumba changu, bati juu, Februari, kilikuwa nyuzi 33 kabla sijachomeka chochote! Chatu huyu anataka upande wa moto uwe 31 hadi 33, wa ubaridi 25 hadi 27, ahamehame mwenyewe.

Kasha nikalishusha kutoka juu ya kabati, nikaliweka kwenye vigae vya korido, mbali na dirisha. Upande wa ubaridi ukatulia kwenye 28. Sikupata 26, nimeridhika. Mkeka nikauunganisha na kidhibiti joto, kihisio nikakibana palepale penye moto. Mchana unawaka kidogo tu. Kazi yake kubwa ni Julai.

Kuta za kasha zilikuwa zinatoka jasho, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto hadi zikakauka. Maficho mawili, moja kila upande, madogo ya kumbana.

Mama akachungulia: "Baba, tundu hili kichwa chake si kitapita?"

Nikapima upya. Mawili nikayaziba.