Usiku Kanyigo Walipokataa Kunirudisha

Katika mchezo ule wa jukwaani mimi nilikuwa mgonjwa, Namba Kumi na Saba. Mwongozaji aliamua wagonjwa wote tuvae vibao vya mbao shingoni, na maneno niliyopewa kusema kwa saa nzima na nusu yangeenea nyuma ya tiketi ya basi. Kazi yangu ilikuwa kusinzia, kupapaswa tezi za shingo, kudungwa sindano, kutoroka, kukamatwa, kisha kupofuka. Rafiki yangu wa Tanga, aliyecheza askari, alikuwa na filimbi, kurunzi na maneno mengi kuliko mimi, na hakuacha kunikumbusha.

Profesa katika mchezo wetu alikuwa Robert Koch. Wengi tulisoma habari zake shuleni: Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Kitabu cha shule kilimwachia hapo. Mwaka uliofuata tuzo alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Alipita Amani kule Usambara, akafika Mwanza, akaona wagonjwa wa upande wa Mjerumani hawamtoshi, akavuka hadi visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, kwa Mwingereza. Huko walikuwa wanakufa kwa maelfu. Katika miaka ile malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa upande wa Uganda.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa Atoxyl, nayo ilitengenezwa kwa aseniki, sumu ile ile ya kuulia panya. Ukimdunga mgonjwa nusu gramu, vimelea vinatoweka kwenye damu na mtu anaamka kitandani. Ukiacha kudunga, vinarudi. Koch akapandisha dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Akashusha dozi. Wakati huo Waziba, watu wa Kiziba kaskazini mwa Bukoba, waliokuwa wakienda kutafuta kazi Buganda walikuwa wanarudi na ugonjwa makwao, ndiyo maana mwaka 1907 Mjerumani akafungua kambi Kigarama, Kiziba. Mchezo wote ulisimama juu ya habari hizo. Uliandikwa na Wajerumani na Watanzania pamoja, na pale tulipobishana ulikuwa mzuri zaidi kuliko pale tulipokubaliana.

Tulianzia Berlin. Tukio la kutoroka liliwashika sana kule. Taa zinazimwa, mimi naruka chini ya jukwaa na kujipenyeza katikati ya watazamaji, askari ananimulika safu ya tatu, ananiburuta sakafuni hadi mezani kwa Profesa, sindano inapanda. Ukumbi unakaa kimya kabisa. Baada ya onyesho watu walikuja kunishika mkono kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyedungwa. Mwongozaji wetu, mama mmoja wa Kijerumani mwenye akili kali na subira ndogo, alisema tukio lile ndilo moyo wa mchezo. Nami niliamini hivyo hivyo, Dar es Salaam, Bagamoyo, Mwanza, hadi tulipopanda meli kwenda Bukoba, Novemba 2023.

Sasa, Novemba huko ni msimu wa senene, panzi wanaoliwa, na hakuna aliyetuonya. Kanyigo, huko huko Kiziba, tulicheza nje, kwenye uwanja wa shule, kwa jenereta na taa za jukwaani zenye mwanga mkali. Majirani walikuwa wamesimamisha mabati na mapipa yao kutega, lakini taa zetu zilishinda za kila mtu. Profesa alipoanza hotuba yake ndefu kuhusu kimelea kisichoonekana kwa macho, senene walishuka kama mvua. Watoto wakapanda jukwaani na vikombe na mifuko. Mjerumani aliyemwigiza ni mwigizaji wa siku nyingi. Aliendelea kutamka kila neno, senene wawili wakitembea juu ya kofia yake ya kikoloni, mtoto mmoja akiwavizia kwa mkono ulionyooshwa. Sijawahi kuona hotuba ya sayansi ikisikilizwa kwa furaha kiasi kile.

Basi hali ya uwanja ilikuwa hiyo taa zilipozimwa nami nikaruka.

Sikufika safu ya tatu. Mkono ulinidaka kwenye bega, nikakalishwa chini katikati ya bibi wawili, kanga ikanifunika kichwa. "Tulia hapo, mwanangu," bibi mmoja akanong'ona, akanitilia kiganjani buni za kahawa ya kutafuna. "Nyegera waitu," yaani karibu, kwa Kihaya. Nikatafuna. Ningefanya nini?

Askari akaja na kurunzi. "Namba Kumi na Saba yuko wapi?"

"Kashavuka Mutukula!" kijana akajibu kutoka nyuma, akitaja mpaka wa Uganda, na uwanja ukaangua kicheko.

"Yuko Kampala saa hizi, anakula matoke!"

Rafiki yangu hakuwa mtu wa kushindwa maneno, lakini usiku ule alishindwa. Alimulika nyuso, akapiga filimbi, akatishia. Bibi yangu akamuuliza kwa upole ametoka wapi. Akajisahau, akasema Tanga. "Rudi Tanga, baba. Mama yako anakungoja." Niliuma kanga nisicheke. Kule jukwaani Profesa alikuwa ameshika bomba la sindano hana wa kumdunga. Mwongozaji alikuwa ananiashiria kwa mikono yote miwili kutoka kando ya taa, na kila nilipotaka kuinuka bibi ananibonyeza chini.

Ndipo mzee mmoja akasimama na fimbo yake, na kelele zikakatika. Hata watoto wa senene walitulia.

"Shikamoo mzee," askari akasema, ametoka kabisa kwenye uaskari wake.

"Marahaba. Sasa mwanangu, huyu unamvuta kwa nini? Kigarama hiyo hapo, si mbali. Baba yangu alitusimulia habari za mjomba wake. Hakufungwa kamba. Alisikia kuna mzungu ana dawa, Mukama Mutahangarwa, mfalme wetu, naye akasema watu waende, akaenda kwa miguu yake. Akadungwa. Akaona jirani yake amedungwa na bado amekufa, mwingine haoni. Akachukua mkeka wake akarudi nyumbani. Mtu akitoka hospitali akaenda kwake, ametoroka?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akaendelea, na hapa nadhani alikuwa anazungumza na Profesa mwenyewe, si mwigizaji. Alisema watu wa Kiziba hawakungoja mzungu kuwafundisha magonjwa. Tauni waliijua kwa jina lao, rubunga, na walijua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, unahama usiku huo huo. Hilo ni kweli, na Koch mwenyewe alilijua: mwaka 1898, akiwa Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, ndiye aliyethibitisha kuwa ugonjwa wa Kiziba ni tauni. Sisi habari hiyo tulikuwa nayo kwenye makabrasha na tuliiacha nje ya mchezo kwa sababu ilirefusha mambo.

"Kama daktari anamtaka mgonjwa wake," mzee akamalizia, "ashuke aje amwombe mwenyewe."

Mwigizaji wetu Kiswahili anakielewa zaidi ya anavyokisema. Akaweka sindano mezani. Akashuka, senene mmoja bado kofiani, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya bibi wawili na kanga iliyovimba.

"Ninaomba mgonjwa wangu."

"Wako tangu lini?" bibi akauliza.

Watu wakapiga vigelegele. Yeye akangoja viishe. Bibi akauliza tena, safari hii bila mzaha: "Tukikupa, utampofusha?"

Nilimwona anatafuta jibu. Kwenye mchezo Profesa hajui kitakachotokea, anajaribu tu. Lakini mtu aliyesimama pale alikuwa anajua, kwa kuwa amelicheza tukio lile usiku baada ya usiku. Akavua kofia. "Ndiyo," akasema.

"Basi hatukupi."

Ikawa hivyo. Tukio la kupofuka halikuchezwa Kanyigo. Profesa alirudi jukwaani akasoma barua yake ya mwisho, ile ya kurudi Ujerumani, na makofi yalipopigwa mimi bado nilikuwa mchangani, mdomo mchungu kwa kahawa.

Baada ya onyesho hawakuondoka. Walitaka kuzungumza, na waliyozungumza hayakuwa ya mwaka 1907 bali ya Machi ya mwaka ule ule, Marburg, homa kali ya virusi, ilipotangazwa mkoani kwao, Kagera. Ilizimwa ndani ya miezi michache, wagonjwa hawakufika kumi, lakini sita kati yao walikufa, na mkoa mzima uliishi na hofu. Muuguzi mmoja alieleza kazi ya kuwafuatilia watu waliokutana na mgonjwa, kila siku kwa siku 21. Alisema siri ya kazi ile ni kuanza na salamu na kumaliza habari za nyumbani kabla ya kutoa kipimajoto mfukoni. Ukianza na kipimajoto, kesho yake hukuti mtu. Mzee alitikisa kichwa kwamba ndivyo.

Garini tuligombana. Mwongozaji alisema tumepoteza ukatili wa historia; watu walipofuka kweli, na usiku ule hakuna aliyepofuka. Ana haki yake, na sikumbishia hilo. Nilichombishia ni askari. Kuburutwa kwangu kuliwaridhisha wa Berlin kwa sababu ni picha waliyokwisha kuizoea: Mwafrika anavutwa, Mzungu anavuta, sisi watazamaji tunahuzunika. Mtu aliyekwenda mwenyewe kutafuta dawa, akaipima kwa akili yake, akaikataa, ni habari nyingine, na inamweka Profesa mahali pabaya zaidi. Rafiki yangu wa Tanga akadakia kwamba yeye yuko tayari kuacha kuburuta mtu yeyote, mgongo umemwisha.

Tulikubaliana nusu. Kuanzia Bukoba mjini nilishuka kwa watazamaji nikiwa natembea, mkeka kwapani, na Profesa ndiye aliyekuja kuniomba. Wakinitoa, napofuka. Wakikataa, anakaa kwenye kiti chake jukwaani na sisi sote tunangoja pamoja naye.

Onyesho la kwanza la mtindo huo lilikuwa mbele ya wanafunzi wa sekondari. Nilikaa katikati ya vijana wa kidato cha tatu, nikiwa na hakika ya kufunikwa angalau kwa sweta. Profesa hajamaliza hata kushuka ngazi, mikono kama kumi ikanyooshwa juu: "Huyu hapa, Profesa! Huyu hapa!" Na mmoja akauliza kama kuna soda.