Sentimita 63

Mwezi Oktoba 2019 nyumba tuliyokuwa tumepanga Pasua, mjini Moshi, iliuzwa, nasi wapangaji tukapewa siku 30 za kuhama. Wenzangu walizunguka kutafuta vyumba jioni baada ya kazi. Mimi natumia kitimwendo, na riziki yangu ni cherehani ya mkono kwenye kibaraza karibu na soko la Mbuyuni, kwa hiyo kila dalali aliponipigia simu kwamba amepata chumba nililazimika kufunga kazi na kukodi bajaji. Nilitazama vyumba 7 bila kupata, na nauli peke yake ilikaribia kodi ya mwezi.

Kodi niliyoimudu ilikuwa shilingi 35,000. Wenye nyumba walitaka ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja, hivyo nilihitaji shilingi 245,000 kabla sijahamisha hata sufuria. Wapo walionishauri niombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 2 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu. Lakini wakati huo ulitolewa kwa vikundi vya biashara, na sikutaka kuandika uongo kwenye fomu. Nilisubiri zamu yangu ya upatu.

Dalali wangu alikuwa kijana mwenye adabu. "Dada, hiki hakina ngazi kabisa," angesema, nami nikifika nakuta vidato viwili. Nilipomwonyesha alishangaa kwelikweli, kwa sababu alikuwa amevipanda mara nyingi na miguu yake haikuwahi kumwarifu. Upande huo wa mji misingi huinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani, na vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja, kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 12, yaani kimo cha 1 kwa urefu wa 12, vinataka mteremko wa mita 3.6. Nyua nyingi tulizoziona hazikuwa na hata mita mbili kati ya mlango na karo la kufulia.

Baada ya chumba cha tatu niliacha kuuliza habari za ngazi, nikawa natoka na tepu yangu ya kupimia nguo. Kiti changu kina upana wa sentimita 63. Milango ya vyumba mara nyingi ilinipitisha; ya vyoo vya uani karibu yote ilinikataa. Njoro nilipata chumba ambacho kila kipimo kilikubali, ila mwenye nyumba alimuuliza dalali, juu ya kichwa changu, "Huyu anaishi na nani? Akianguka humu si nitaulizwa mimi?" Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 niliifahamu, nayo inazungumzia kufikika kwa majengo yanayotumiwa na umma. Choo cha wapangaji 6 nyuma ya nyumba ya mtu sikuona kama kinaingia humo, kwa hiyo sikuwa na kifungu cha kumsomea.

Chumba cha nane kilikuwa Majengo, kwa bibi mmoja mjane. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanyosha mkono akaomba tepu apime mwenyewe. Mlango wa choo ulitoa sentimita 58. Aliupima mara ya pili, kana kwamba ungeona haya na kuongezeka.

"Na hizi mbao za fremu, mwanangu, zikitoka?"

Fundi alikuja kesho yake, akang'oa mlango pamoja na fremu, tukapata sentimita 66. Nilimtengenezesha pia kigoda imara chenye tundu katikati, kwa kuwa choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Mpangaji mmoja alinung'unika, na sikumlaumu sana, kwamba hawezi kuoga mahali pasipo mlango. Bibi akamjibu kuwa kwenye ua huu sasa kuna fundi cherehani.

Usiku ule nilishona mapazia mawili mazito ya kitenge, ili moja likifuliwa lingine liwe mlangoni, na kwenye pindo la chini la kila moja nikapitisha kipande cha mnyororo wa baiskeli, upepo usije ukaliinua.