Njia inayorudishwa ilikotoka
Leo nimeshinda na ruta mbili (vifaa vinavyoelekeza data) zinazosambaza upya njia, yaani kuzihamisha, kati ya RIP na OSPF, itifaki mbili ambazo ruta hutumia kuambiana njia. Pakiti za data zilikuwa zinazunguka tu mpaka TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) inaisha. Kwenye ruta za Cisco, OSPF ina umbali wa kiutawala (kipimo cha chanzo kipi cha njia kiaminiwe) wa 110 na RIP 120; namba ndogo ndiyo inayoaminiwa. Basi njia iliyozaliwa RIP inaingizwa OSPF na ruta ya kwanza, ya pili inaipokea, inaiona bora kuliko ile ya asili, kisha inairudisha RIP!

Dawa ni tagi, yaani alama ya namba inayosafiri na njia. Kila njia inayotoka RIP naibandika tagi 120 (alama tu, si ule umbali), na ruta zote mbili nimezikataza kuirudisha RIP njia yenye tagi hiyo. Naipenda zaidi kuliko kuorodhesha anwani, maana mtandao mpya ukiongezeka hugusi kitu. Ila kwa upande wa RIP, toleo la 1 halibebi tagi. Weka la 2.