Kibao cha udongo chenye mwaka wake: zawadi ya sikukuu kwa mpenda historia ya kale

Mpenda historia ya kale vitabu anavyo, na makala za video ameshazimaliza. Ndiyo maana Krismasi au Idi ikikaribia, wengi huingia mtandaoni kumtafutia kitu chenyewe: sarafu ya Kirumi, ushanga wa Misri, kipande cha kibao cha udongo chenye maandishi kutoka Babeli, mji wa kale wa Iraki. Kwa vitu vya Iraki na Syria tunasema wazi, usinunue. Makumbusho ya Baghdad yaliporwa Aprili 2003, na mwaka 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2199, liliagiza nchi zizuie biashara ya mali za kale zilizotolewa kiharamu Iraki tangu Agosti 1990 na Syria tangu Machi 2011. Kipande kisicho na hati za kilikotoka kimeng'olewa mahali pake, na habari zake nyingi zimebaki kule shimoni. Hata sarafu za masultani wa Kilwa, ukiuziwa ufukweni, ziache.

Mtengenezee kibao kipya kwa njia ileile ya zamani. Mwandiko wa kikabari, yaani alama zenye umbo la kabari zinazogandamizwa kwenye udongo, ulianza Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, karibu mwaka 3200 KK, na vifaa vyake vilikuwa udongo na tete. Vyote viwili unavipata.

Tafuta nusu kilo ya udongo wa mfinyanzi. Kibao cha sentimita 8 kwa 6, unene wa 2, hula kama gramu 200, na kingine utakihitaji cha akiba. Ukichimba mwenyewe kando ya mto, loweka siku mbili, koroga, chuja kwa chekeche laini, kisha uache kwenye kitambaa mpaka usigande tena kwenye kidole. Finyanga uzi mnene kama penseli, uzungushe kidoleni. Ukikatika, udongo una mchanga mwingi au umekauka mno. Ukipinda bila ufa, ukande kwa nguvu dakika 10, ukiupiga mezani ili hewa itoke.

Kalamu ni tete au mwanzi. Kijiti cha kulia cha Kichina chenye pande nne nacho kinafaa sana. Kata ncha iwe bapa, kona zibaki kali. Hapa ndipo wengi huharibu: wanachora kama wanaandika kwa kalamu ya wino, udongo unajikusanya pembeni na alama zinakuwa mikwaruzo. Kikabari hakichorwi, kinagandamizwa. Laza kijiti, kona yake itangulie kuzama, halafu inua moja kwa moja. Kona inafanya kichwa cha kabari, ukingo unafanya mkia.

Usianze na majina, maana silabi za Kiakadi, lugha ya Wababeli, zina alama mamia. Anza na mwaka wa kuzaliwa. Wababeli walihesabu kwa sitini. Moja ni kabari ya wima, kichwa juu. Kumi ni kona peke yake, bila mkia, mdomo ukitazama kulia. Gawanya mwaka kwa 60: 1988 ni sitini 33 na baki 8. Kwa hiyo, kutoka kushoto, gandamiza kona tatu na kabari tatu, acha nafasi ya upana wa kidole, kisha kabari nane zikipangwa tatu, tatu, mbili. Wa 1975 ataanza na 32, baki 55. Aliyezaliwa 1980 mwandikie umri wake badala ya mwaka: hana baki, na kwa kuwa Wababeli hawakuweka sifuri mwishoni, kibao chake kitasomeka 33 tu.

Kukausha kunataka subira. Weka kivulini juu ya gazeti, funika na kitambaa, geuza kila siku kwa siku saba. Ukianika juani, kingo zinakauka kabla ya katikati, zinasinyaa peke yake, na ufa unapita katikati ya maandishi. Ukitaka kukichoma, mpelekee mfinyanzi, lakini kwanza kiguse kwa shavu. Kikiwa cha baridi bado kina maji, na maji hayo yakigeuka mvuke motoni kibao hupasuka vipande. Vibao vingi vya kale havikuchomwa. Baadhi ya vile vya maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, viliiva katika moto ulioteketeza mji wake wa Ninawi mwaka 612 KK. Kisichochomwa kinadumu vizuri, ila mwambie mwenye zawadi asikipanguse kwa kitambaa kibichi.

Kwa aliye na watoto nyumbani tunapendekeza pia mchezo wa mfalme wa Uru, mchezo wa ubaoni wa mji wa kale wa Iraki, ambao mwanaakiolojia Leonard Woolley alifukua mbao zake miaka ya 1920. Ubao una miraba 20: kitalu cha 12, daraja la miraba miwili, kitalu cha sita. Mitano chora maua. Kila mchezaji ana kete saba. Asili yake hurushwa vipande vinne vyenye umbo la piramidi ndogo ya nyuso nne za pembetatu. Simbi nne zinatosha, kila inayotazamisha mdomo juu ikihesabiwa moja.

Turudi kwenye kibao, tufunge zawadi. Mesopotamia mikataba ilifungwa ndani ya bahasha ya udongo, na yako ifanye hivyo. Ukitaka bahasha, usimalize zile siku saba za kukausha wala usikichome: subiri tu kibao kiwe kigumu kama ngozi, bado na unyevu kidogo, kwa kawaida siku ya pili. Kipake unga wa udongo mkavu pande zote ili kisigande, kisha kivike tabaka la milimita 5. Kikiwa kimekauka kabisa kabla ya kuvikwa, bahasha itasinyaa peke yake na kupasuka kabla ya siku ya sherehe. Bahasha usiichome. Juu yake gandamiza alama ya kidole gumba chako badala ya mhuri, na ndani ya kikapu tia kijikaratasi cha kueleza namba, pamoja na kijiwe cha kuivunjia.