Kidoti cha bwana harusi

Watu wakimwona mpiga picha harusini wanamwona yule jamaa anayepiga magoti mbele ya maharusi, mara kapanda kiti, mara anawaambia wageni sogeeni kidogo kulia, basi wanadhani kazi ndo hiyo na sherehe ikiisha na yeye kamaliza. Wapi! Kazi inaanza pale nyie mkishalala, mi nipo na laptopu, kadi mbili za memori na picha 3,100 na ushee, na asubuhi yake kabla hata maharusi hawajaamka kuna shangazi wa mtu ashatuma meseji, "kaka picha tayari?" Shangazi tulia.

Kwanza nakopi kila kitu sehemu mbili tofauti, na zile kadi sizifuti mpaka mteja awe kashapokea picha zake. Hapo sina stori, ukipoteza picha za harusi ya mtu huwezi kumwambia arudie.

Afu ndo kuchambua. Kati ya hizo 3,100 mteja atapata kama 500 hivi, na zamani nilikuwa naenda nikitafuta picha mbaya za kutupa, inachosha hiyo na unabaki na takataka nyingi za "siyo mbaya sana". Siku hizi natafuta nzuri tu, napita haraka, iliyonigusa naipa nyota nasonga mbele, ambayo haijanigusa sibishani nayo. Picha za familia ndo tabu, unapiga kumi mfululizo na katika zote kumi kuna mjomba mmoja kafumba macho, sijui anajuaje muda wa kufumba, inabidi umkate kichwa kwenye picha nyingine ukipandikize kwenye hii. Kingine, kama mko wapiga picha wawili wekeni saa za kamera zenu sawa kabla hamjaanza, mi na msaidizi wangu tuliwahi kupishana dakika 7, nikazipanga picha kwa muda nikakuta bibi harusi anavishwa pete kisha ndo anaingia mlangoni. Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, inakuruhusu kusogeza saa ya picha zote za kamera moja kwa mpigo, lakini mpaka ujue kosa liko wapi ushachanganyikiwa kabisa.

Mwanga sasa. Balbu za njano zile ziko kwenye Kelvin 3,000 hivi, Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga, flashi yako iko karibu 5,500, afu kuna dirisha pembeni linaleta bluu yake, na vyote vitatu vimetua kwenye uso wa mtu mmoja. Ukirekebisha shavu la kushoto la kulia linakuwa la maiti. Na zile taa za LED za zambarau za ukumbini ndo usiseme, kamera inaona rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na hizo taa zinajaza mbili tu, kijani haipo kabisa, sasa utairekebishaje rangi ambayo kamera haikuipata? Kwa hiyo ukiletewa albamu ukakuta picha za kucheza muziki zimegeuzwa nyeusi na nyeupe usidhani kila mara ni sanaa, nyingine ni zambarau imetushinda.

Ila kinachonitoa jasho kuliko vyote ni gauni jeupe kukaa pamoja na ngozi nyeusi kwenye fremu moja. Kamera haijui kama ile ni gauni, yenyewe inapima mwanga kama vile kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, ikiona weupe mwingi inashusha mwanga, na ikishusha uso wa bibi harusi unazama. Ukiongeza mwanga uso urudi, gauni linaungua, ile lesi aliyoihangaikia inakuwa karatasi, na weupe ukishaungua hakuna slaida, kile kitufe cha kuvuta kwenye programu, ya kuurudisha. Ndo maana mi napiga RAW tu, yaani faili ghafi lenye kila ilichokiona kamera, ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, ile faili ya picha ya kawaida, ina 256, nalinda gauni pale pale kwenye kupiga afu uso nauinua baadaye kwa kuuzungushia maski, yaani nachagua uso wenyewe tu, taratibu, sehemu za kivuli kwanza. Wengi wanashika eksposha, yaani mwanga, ya picha nzima wanavuta juu, matokeo yake mtu aliyekuwa anang'aa vizuri anakuwa na rangi ya majivu.

Preseti za kununua, yale marekebisho yaliyopangwa tayari ya kubonyeza mara moja, nazo nimeziacha. Nyingi zinasukuma rangi ya chungwa ili ngozi za wazungu zipendeze, na chungwa hiyo hiyo ndo imebeba ngozi zetu, sasa ukibonyeza unapata mtu wa udongo wa kuchoma. Siyo ugonjwa mpya huu, enzi za filamu maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ikitoka safi basi mashine iko sawa, wengine mtajijua. Na kuna wateja wenyewe wanaoniambia nipunguzie weusi kidogo. Huwa nawajibu kwa upole kwamba mwanga nitakuwekea mpaka ufurahi, rangi sikubadilishii.

Sasa pamoja na huo upole wangu wote ngoja niwaambie nilichofanya. Ilikuwa saa nane usiku, macho yanawasha, niko kwenye picha za bwana harusi, nikaona kitu cheusi kwenye shavu lake karibu na pua. Nikajua chunusi. Nikaiondoa kwa kuifunika na kiraka kilichokopiwa pembeni yake, ikatoka safi, nikajisifu, afu kwa uvivu nikabonyeza marekebisho yale yaende kwenye picha zote zinazofuatana, 43. Wanaofanya hii kazi washajua kilichotokea, kwenye picha ambazo alikuwa kasogea kile kiraka hakikufuata shavu, kilibaki pale pale kwenye fremu, picha moja mpambe wake akaota kifungo cha shati shingoni. Hizo za ajabu niliziona nikazirekebisha. Chunusi sikuiwaza tena. Na zile ambazo marekebisho hayakufika nikazisafisha kwa mkono, mtu makini.

Nikatuma. Baada ya siku mbili bibi harusi akaandika, "Kaka picha nzuri mno, asante sana. Ila mume wangu yuko wapi?"

Nikadhani kuna folda haijafunguka. Akanitumia picha ya familia kaizungushia duara jekundu, duara la kwanza kwenye uso wa mama mkwe wake, shavuni karibu na pua, kidoti kimetulia. Duara la pili kwenye uso wa mume wake, mahali pale pale, hakuna kitu. Kazaliwa nacho, kakirithi kwa mama yake, na mimi nimekifuta siku ya harusi yake. Bwana harusi mwenyewe wala hakuwa kaona, alishazipitia picha zote akasema ziko poa.

Uzuri Lightroom haigusi faili la asili, ukifuta marekebisho kitu kinarudi kilivyokuwa, kwa hiyo nilikaa usiku mwingine nikivirudisha kimoja kimoja, na kuanzia hapo kitu ambacho kitapona chenyewe ndani ya wiki mbili nafuta, kingine chochote nauliza kwanza. Nikatuma upya. Akajibu asubuhi kwamba zote kaziangalia ziko sawa, bado moja tu, ile wanayotoka mlangoni, mbona hapo kidoti sikioni.

Dada, hapo kageuka upande wa pili.