Siku moja maishani mwangu: kutoka baraza hadi baraza, Firenze

Saa 11:30 alfajiri. Nasali polepole, maana ukuta kati ya chumba changu na cha Signora ni mwembamba na bibi huyu ana masikio ya paka. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Huu ni mwaka wangu wa sita Firenze, na kazi yangu ni kumtunza bibi wa miaka 89. Waitaliano wanatuita badante. Tuko wengi: Waperu, Waromania, Wafilipino, Waukraine. Mbele za watu namwita Signora. Tukibaki wawili namwita bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na anaitika.

Saa 1 asubuhi. Napima presha, nampa vidonge vinne, naweka kahawa jikoni. Mkate wa huku hautiwi chumvi. Mwaka wa kwanza nilidhani mwokaji kasahau, nikawa namhurumia kimoyomoyo.

Leo ni tarehe 4 Novemba. Sikuhitaji kutazama kalenda, maana bibi katoka chumbani kashavaa koti lake la kijani na kilemba cha sufu. "Leo tunafika mtoni," kasema. Siku nyingine daktari anataka atembee kidogo tu, na sisi hugeuzia kanisa la Orsanmichele, tukishapita kidogo nusu ya njia. Nikajaribu kusema mawingu ni mazito. Nikajibiwa kwamba mwaka 1966, mwaka wa mafuriko, yalikuwa mazito zaidi.

Saa 3:30. Tumetoka. Kutoka kwetu, karibu na San Lorenzo, hadi daraja la Ponte Vecchio ni kama kilomita moja. Mtalii mwenye miguu yake humaliza kwa robo saa, akisimama kupiga picha. Sisi tuna mkongojo, mkono wangu, na mto mdogo wa kukalia ndani ya mkoba. Mita hatuzihesabu. Tunahesabu mabaraza.

Baraza la kwanza liko Palazzo Medici, jumba ambalo tajiri wa benki Cosimo de' Medici alianza kujengewa na fundi Michelozzo mwaka 1444. Ukuta wa chini ni wa mawe makubwa yaliyoachwa na manundu yake, kama ngome. Lakini miguuni mwa ngome hiyo, upande wa barabarani, limejengwa kalio refu la jiwe. Siku ya kwanza kuliona nilisimama katikati ya njia hadi baiskeli ikanipigia kengele. Lile ni baraza! Urefu wa goti, limeshikana na ukuta, liko wazi kwa yeyote anayepita. Wenyewe wanaliita panca di via, na majumba mengine ya matajiri wa zamani yanayo pia. Wenye shida zao walikaa hapo kumngoja tajiri.

Kwetu mabaraza tunayapaka chokaa, na mvua kubwa ikijaza uchochoro unapita juu yake usilowe miguu. Ila nisiseme uongo, baraza la njiani kwetu ni la wanaume. Kahawa, bao, siasa. Sisi tulikuwa tunawapita tumeinamisha macho, "shikamooni," na kuendelea na safari. Nimekuja kukaa barazani kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa na miaka 41, kwenye jumba la Medici, na bibi wa Kitaliano anayenieleza habari za twiga.

Ndiyo, twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mjukuu wa Cosimo, zawadi ya twiga, akawa anatembezwa mitaani, watu wakimtazama kutoka madirishani. Hakuishi sana. Inasimuliwa kwamba alivunjika shingo kwa kugonga boriti za banda lake. Tangu aliposikia natoka Afrika, bibi hunisimulia habari hii kila wiki, kwa sauti ya mtu anayenipa pole ya msiba. Nilishamwambia Unguja hakuna twiga hata mmoja. Hasikii.

Saa 4:15. Baraza la pili, ninalolipenda kuliko yote, liko upande wa kusini wa kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Karibu nalo imekaa sanamu ya Brunelleschi kainua uso anaitazama kuba yake, na ukikaa hapo na wewe shingo inainuka yenyewe. Kanisa lilianza kujengwa 1296, na kwa miaka mingi likabaki na tundu kubwa juu, upana wa kama mita 45, ambalo hakuna aliyejua litafunikwa vipi. Boriti za kutosha kushikilia kuba kutoka chini zingetoka wapi? Brunelleschi akaijenga bila jukwaa la kuanzia sakafuni, kuanzia 1420 hadi 1436. Matofali zaidi ya milioni nne.

Nilimuuliza bibi matofali hayakuporomoka vipi, na kule juu ukuta unainamia ndani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anapenda swali. Akanionyesha kwa vidole: tofali zimelazwa, halafu moja imesimamishwa, zimelazwa tena, nyingine imesimamishwa, na zile za wima zinapanda mshazari kuzunguka kuba nzima. Zilizosimama huzibana zilizolala zisiteleze wakati chokaa bado mbichi, na kila duara likishafungwa linajishikilia lenyewe. Wanasema ni mfupa wa samaki. Mimi niliona ukili. Mama yangu akisuka mkeka, miyaa inakwenda hivyo hivyo, juu chini na mshazari, na ndiyo maana haufumuki. Tena kuba ni mbili, moja ndani ya nyingine, na ngazi 463 zinapita katikati. Nimepanda mara moja, Alhamisi mchana, siku ambayo huwa na nusu siku ya mapumziko. Mara moja inatosha.

Leo baraza lilikuwa na wanafunzi wamelijaza tele. Bibi akasimama mbele yao, kimya, kaegemea mkongojo. Wakahama wote, hata wale wa mwisho ambao hakuwa anawatazama.

Saa 5. Via dei Calzaiuoli ni maduka, vioo, watu, na baraza sijaliona hata moja. Siupendi mtaa huu. Cha maana humo ni Orsanmichele, kanisa lililoanza kama soko la nafaka. Jengo lenyewe ni la 1337, na kwenye nguzo bado unaona matundu ambayo ngano ilikuwa ikiteremkia kutoka ghala la juu. Vyama vya mafundi viligawana kuta za nje, kila kimoja na sanamu ya mtakatifu wake. Bibi hupenda ile ya mafundi mawe: chini ya watakatifu wanne wamechongwa mafundi wenyewe, wako kazini, wanajenga na kuchonga. Hapa ndipo tunapogeuza siku zote. Nikamtazama. Akatazama mbele.

Saa 5:30. Soko la Mercato Nuovo, penye nguruwe wa shaba ambaye watalii wanamsugua pua hadi imekuwa dhahabu. Bibi akakaa kwenye kingo ya ngazi, juu ya mto wetu, akanielekeza duara la marumaru sakafuni. Zamani mfanyabiashara aliyefilisika alishushwa suruali hapo mbele za watu, akabamizwa makalio kwenye jiwe. "Kiti kibaya kuliko vyote Firenze," kasema bibi, akacheka hadi akakohoa.

Hapo mvua ikaanza. Kufungua mwavuli, mto ukanidondoka kwenye dimbwi.

Saa 6 mchana. Mtaa wa mwisho, Via Por Santa Maria, hauna pa kukaa, na sababu yake nimeijua leo. Agosti 1944 Wajerumani wakikimbia walilipua madaraja yote ya mji isipokuwa Ponte Vecchio. Hilo waliliacha, lakini wakabomoa nyumba za ncha zote mbili ili vifusi vizibe njia. Mtaa huu umejengwa upya baada ya vita. Bibi alikuwa na miaka minane na anakumbuka vioo vya kwao vikimwagika sakafuni usiku.

Darajani tukasimama katikati, pale pasipo na maduka, mto uko rangi ya chai ya maziwa. Daraja hili ni la 1345. Lilikuwa la wauza nyama hadi 1593, mtawala alipowafukuza na kuweka masonara. Usiku wa kuamkia 4 Novemba 1966, mto huu wa Arno ukifurika, walinzi ndio waliowapigia simu masonara waje kuokoa dhahabu yao. Mji wenyewe haukuambiwa. Arno ukaingia majumbani na matope yaliyochanganyika na mafuta ya kupashia moto nyumba. Kwenye milango ya shaba ya mchongaji Ghiberti, pale kwenye jengo la ubatizo mbele ya kanisa kuu, vipande vitano kati ya kumi viling'oka. Darasa la bibi lilibaki na mstari mweusi ukutani, juu ya kimo chake. Wanafunzi wake walikuwa nyumbani siku ile, ilikuwa sikukuu. Hilo alilirudia mara mbili: ilikuwa sikukuu.

Sikusema kitu. Nikamshikia mwavuli.

Halafu akasema ana njaa. Tukarudi sokoni akala lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe ndani ya mkate, supu imeloweka. Mimi sili, kwa sababu ya uchinjaji, lakini harufu ni ya matumbo ya soko letu la Darajani, Unguja, kabisa.

Saa 8 mchana. Tumerudi kwa basi dogo la umeme. Kalala na soksi. Nikapiga pasi, nikajibu simu ya mwanawe. Sikumwambia tulifika wapi.

Saa 1 usiku, mto uko juu ya hita unakauka. Nimempigia mama Unguja, kule saa 3. Nikamsimulia mabaraza.

"Na wewe siku hizi ni wa kukaa barazani?"

"Ndiyo mama."

"Na muuza kahawa anapita?"

Nikamwambia hapana, kahawa huku unaingia dukani, unainywa umesimama mbele ya kaunta, unatoka.

Kanyamaza kidogo. "Baraza wanalo, na kahawa wanainywa wima?"